Kichuguu Nilichoambiwa Nisikiguse

Nimeacha kazi ya mchwa. Pampu nimeiosha kwa sabuni mara ya mwisho na kuitundika stoo, na gambuti nimempa jirani anayefuga ng'ombe. Huku kwetu Kasikeu watu wanasema Mama Mchwa ameacha kazi kwa sababu ya magoti. Magoti yangu ni mazima, asanteni sana. Niliacha kwa sababu ya kichuguu kimoja kule Kyuso na mama mzee aliyekuwa mwenye nacho, na kwa kuwa ninyi vijana mliobaki na pampu hamchoki kuniuliza, nimeamua kuandika. Nitaanzia mwanzo, maana bila mwanzo hamtaelewa hasira yangu inatoka wapi.

Kazi niliipata Kitui mjini bila kuitafuta. Niliajiriwa kufagia duka la dawa za mifugo na mimea la Mzee Swaleh. Alikuwa mzaliwa wa Kitui, lakini babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sisi tunaokisema huku tukifikiri kwa Kikamba. Pamoja na duka, alikuwa akipiga dawa ya mchwa kwenye nyumba za watu. Siku yangu ya kwanza msaidizi wake hakutokea. Mzee akanitazama nimesimama na fagio, akaniuliza, "Binti, kusoma unajua?"

Nikasema najua. Akanipa chupa ya dawa. Nikasoma jina.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea mpaka yale maandishi madogo ya chini kabisa: usipige karibu na kisima, usimimine mabaki mtoni, mtu akiimeza afanyiwe hivi na hivi. Nilipomaliza akaitikia kwa kichwa. "Wengi husoma jina wakaishia hapo. Ukiitwa hospitalini kuulizwa mtu amemeza nini, jina peke yake halitoshi. Dawa ni amana, binti yangu. Umekabidhiwa roho za watu ndani ya chupa." Kisha akanipa glavu, na fagio nikaliacha nyuma ya mlango.

Kitu cha pili alichonifundisha ni kugonga. Unachukua bisibisi, unaigeuza, unagonga fremu ya mlango kwa mpini kutoka chini kwenda juu. Mbao nzima inatoa sauti kavu. Mbao iliyoliwa inalia kama kibuyu. Halafu unatafuta vile vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, unakivunja kimoja katikati, unaondoka. Ukirudi ukakuta kimezibwa, wenyewe wamo nyumbani. Hakuna mashine iliyowahi kunishinda kwa hizo mbinu mbili, na mashine nimeziona nyingi, zikiletwa na watu wenye shati safi.

Mzee hakuwapenda wachimbaji wa malkia. Kila soko la Ukambani lina mmoja. Anachimba kichuguu, anamtoa malkia mnene kama kidole gumba, anamweka kwenye sahani, watu wanashangaa na kupiga picha. Anasifiwa, anakunywa chai, anaondoka. Wale mchwa waliokwisha kuingia chini ya nyumba hakuna aliyewaambia kwamba malkia ametolewa, na wanaendelea na dari yako kama kawaida.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa katika soko la Tulia, kwa mwenye duka aliyekuwa akimwaga oili chafu ya gari kando ya ukuta kila mwezi. Duka zima lilinuka gereji. Asubuhi moja alifika kufungua, akashika kufuli, kufuli ikamjia mkononi pamoja na kipande cha mlango. Kufuli ilikuwa imefungwa vizuri kabisa. Mlango ndio uliokuwa umebaki rangi tu.

"Madam, nyunyizia tu hapa juu," aliniambia. "Hawa nawaona."

"Unaowaona ndio wachache," nikamwambia. "Nipe jembe."

Tulichimba mtaro kuzunguka ukuta mpaka kwenye msingi, nikatoboa sakafu kwa drili, nikaingiza dawa, nikaziba kwa saruji. Alikaa kwenye kreti ya soda akinung'unika kwamba nimeharibu sakafu yake. Sakafu hiyo bado ipo. Shukrani sijaiona hadi leo.

Hapa kwetu Kasikeu kulikuwa na mzee wa kanisa aliyekuwa akijenga. Nilimwambia mara nyingi, hata baada ya ibada: wakati mzuri wa kupiga dawa ni mawe yakishapangwa na udongo wa murram kushindiliwa, kabla slabu ya zege haijamwagwa. Niite siku hiyo. Aliniita pazia zikiwa zimeshatundikwa.

"Nilisema Mungu atalinda nyumba," alijitetea.

"Mungu alikulinda mapema, mzee. Alikupa namba yangu."

Mke wake alicheka, lakini nilipoanza kutoboa vigae vyake vipya alilia. Nilimwonea huruma yeye, si mume wake. Ndivyo watu wetu walivyo. Msingi unapigwa maombi, mbuzi anachinjwa, jamaa wanaalikwa wasimame juu ya mawe wapigwe picha, na katika umati wote huo hakuna anayeuliza chini ya hayo mawe kuna nani.

Miaka ikaenda. Mzee Swaleh alizeeka, akaniachia pampu na wateja, na alipofariki nilikaa nyuma pale msikitini na leso kichwani nikilia kama mtoto wake. Nikaendelea. Nilikwenda Makueni yote na Kitui yote, mpaka sehemu ambazo barabara inaisha na unaulizia njia kwa watoto wanaochunga mbuzi. Watu waliniuliza maswali mawili tu: bei, na kama dawa inanuka. Ikiwa hainuki, wanaona ni maji. Ikiwa inanuka, wanasema itawaua kuku. Hakuna aliyeniuliza ni dawa ya aina gani. Kwa hiyo niwaambie ninyi, na muwaambie wenye nyumba. Mtu wa dawa akija, akatoa pampu kabla hajagonga fremu hata moja, mrudishe kwao. Akija na chupa isiyo na lebo, mrudishe mbio. Na fundi wa kweli mtamjua kwa jambo moja: atawaonyesha kwanza mahali ambapo hatapiga.

Sasa nifike Kyuso.

Musyoki alikuwa mfanyabiashara wa ndengu, duka lake liko Mwingi mjini. Alikuwa amemjengea mama yake nyumba ya mawe pale Kyuso, nyumba nzuri yenye dari ya mbao. Vijia vya udongo vilikuwa vimeanza kupanda kwenye fremu ya mlango wa nyuma. Alinipigia simu, na kwa hilo nampa heshima yake, maana wengi wangesubiri dari idondoke. Nikaenda. Nyuma ya jikoni nikakuta kichuguu kirefu kunishinda mimi, chekundu, kiko hai. Pembeni yake mama mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua ndengu kwenye uteo. Huyo ndiye Mwaitu Wayua, mama yake Musyoki. Nilimwita mwaitu, yaani mama, kama tunavyomwita kila mama wa umri wake. Alinisalimia, akanitazama gambuti, akasema kwa Kikamba maneno ninayoyaandika hapa kwa Kiswahili.

"Nyumba fanya unavyotaka. Hiki usikiguse."

Musyoki akacheka kwa aibu. "Madam, usimsikize. Anataka kumbikumbi tu. Siku hizi nyama iko, mayai iko, yeye bado anataka wadudu."

Mama hakumtazama. Aliniambia kwamba siku alipoolewa hapo mama mkwe wake alimshika mkono akamleta mpaka kwenye kichuguu hicho, akamwonyesha tundu zake, akamwambia sasa ni chako. Kila mvua ikinyesha alitega chungu mdomoni mwa tundu, akawapata. Ulikuja mwaka wa njaa, mbuzi wakafa, ndengu zikakauka shambani, kisha mvua moja ikanyesha na kumbikumbi wakatoka. "Huyu unayemwona na gari," alisema, akimwonyesha Musyoki kwa kidevu, "mwaka huo alikula hao mpaka akapata nguvu ya kulia."

Mzee Swaleh hakuwa akila kumbikumbi. Alikuwa akinitania kwamba Wakamba tunalipwa kuwaua watoto na jioni tunawakaanga wajomba. Mimi nimelelewa nao. Nilimwelewa yule mama bila kuelezwa zaidi.

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo sikilizeni. Kuna dawa ambayo mchwa hawaitambui. Wanapita ndani yake, wanaibeba mwilini, wanaipeleka kwa wenzao mpaka kichuguu chote kinakufa. Ni dawa nzuri, na kwa nyumba nyingine yoyote ningeitumia hiyo, au ningeweka chambo. Lakini mchwa waliokuwa wakiila nyumba ya Musyoki walitoka kwenye kichuguu cha mama. Wangeibeba dawa mpaka kwenye chakula chake. Kuna ya pili, ya kufukuza. Hiyo inakaa kwenye udongo kuzunguka msingi, mchwa wakifika wanageuka. Haiui kichuguu. Inataka mtaro uchimbwe bila kuruka hata kipande, na inataka kurudiwa muda wake ukifika. Nikachagua hiyo. Nilichimba mwenyewe upande wa jikoni, sikumwachia kibarua, na kabla sijapiga nilimweleza Musyoki yote, mama akisikia.

"Kichuguu kitabaki hai," nikamwambia. "Utawaona mchwa hapa uani. Watakula vigingi vya ua, watakula mkeka ukiuacha chini. Nyumba hawataigusa. Usije ukasema dawa imeshindwa."

"Nimeskia, madam."

Mama akaniuliza swali lake. "Mvua ikija, nikila, nitakufa?"

"Kwa dawa yangu hutakufa, mwaitu. Haitafika huku. Kula."

"Neno lako nimelichukua," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, glavu na vumbi na vyote. Katika miaka yangu yote ya kazi hiyo ndiyo garanti pekee niliyowahi kutoa kwa moyo mzima.

Wakati wa kiangazi Musyoki alinipigia simu.

"Madam, sasa hii kazi yako ni gani? Wadudu bado wako hapa nyuma ya jikoni."

"Fremu umegonga?"

"Fremu iko sawa. Dari iko sawa. Lakini nawaona!"

"Nilikwambia utawaona."

"Mimi siwezi lipa mtu halafu naendelea kuona wadudu. Wageni wanakuja wanacheka. Nyumba ya mawe na kichuguu nyuma, kama ya watu wa kitambo."

Nikamwambia nitakuja nikague. Akasema nisijisumbue, akakata. Nilidhani amekasirika tu. Watu wengi wamenikatia simu na nyumba zao bado zimesimama.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, kutoka kwa mke wake Mueni. Jumapili moja mama akiwa kanisani, Musyoki alimleta mtu kutoka sokoni, mtu mwenye chupa ya soda iliyojaa kitu cheupe kama maziwa, kisicho na lebo. Walitoboa kichuguu kwa chuma, wakamimina, wakafukia tundu, wakasawazisha udongo mama asijue. Musyoki alimwambia mke wake, "Usimwambie mama, ataanza kelele." Naye Mueni, ambaye ni mke wa mtu, akanyamaza.

Kisha mvua ikanyesha. Kichuguu kile kilikuwa kikubwa na yule mtu hakujua kazi yake, hivyo upande mmoja ulikuwa bado unapumua. Kumbikumbi wakatoka, lakini wengi hawakuruka. Walitoka wakitambaa, wakaanguka pale pale. Mwaitu Wayua aliwaokota kwa mkono bila hata kutega chungu. Mueni anasema alikuwa akicheka peke yake. "Mwaka huu wamenihurumia uzee," alisema. "Hata hawanikimbizi."

Mueni aliwaona wale kumbikumbi. Aliniambia alifungua mdomo, halafu akasikia gari la mume wake langoni. Mama akawakaanga kwa chumvi, akala. Wajukuu walikuwa shuleni. Na kabla hajala, alichota bakuli moja, akalifunika kwa sahani, akasema, "Hili ni la yule mwiitu, yule binti wa mchwa. Aliniachia kichuguu changu."

Mchana huo huo simu yangu ililia. Nilikuwa hapa nyumbani nikipalilia.

"Madam, mama ni mgonjwa. Tuko hospitali. Daktari anauliza dawa gani ulipiga."

Nilimtajia jina, nikamtajia na yale maandishi madogo, kwa kichwa, kama Mzee Swaleh alivyonifundisha. Kisha nikamuuliza mama anafanyaje.

"Anatoka jasho. Mate inamtoka tu. Anatetemeka, macho, ile nyeusi ya ndani imekuwa kidogo sana."

Nikaliacha jembe. Dawa yangu haimfanyi mtu hivyo. Ile ya mashambani ndiyo inayomfanya mtu hivyo, ile kali, na hospitali wana ya kuituliza wakijua mapema ni nini wanapigana nacho.

"Musyoki. Kuna mtu amemwaga kitu kwa kichuguu?"

Nilisikia watu wakipita nyuma yake, na mtoto akilia mahali fulani.

"Hakuna."

"Musyoki, sikuulizi kwa ubaya. Kama kuna chupa, hata tupu, peleka kwa daktari sasa hivi. Mwambie tu. Hakuna mtu atakugombeza."

"Nimesema hakuna! Ni dawa yako. Mama alikula kwa sababu wewe ulimwambia akule."

Akakata. Nilimpigia tena na tena. Namba ya Mueni sikuwa nayo. Nilipiga namba ya hospitali niliyopewa na mtu, ikaita bila jibu, nikachukua mkoba wangu nikaondoka na nguo za shambani. Kutoka Kasikeu hadi kule ni safari ya kubadilisha gari na kubadilisha tena. Njia nzima nilikuwa nikimwomba Mungu amfungue yule mwanaume mdomo. Nilipofika, Mwaitu Wayua alikuwa ameshafariki. Madaktari walikuwa wamefanya walichoweza kwa jina la dawa waliyopewa, na jina hilo lilikuwa la dawa yangu.

Mueni ndiye aliyenipeleka nyumbani kwao Kyuso, nyuma ya ua, na kunionyesha chupa kwenye miiba. Niliinusa kwa mbali, nikaijua. Nilimsihi aseme. Alinitazama tu, akafunga leso yake upya. Nilisema mimi mwenyewe mbele ya wazee wa ukoo, chupa ikiwa mkononi, na Musyoki akaulizwa, akasema haijui. Wazee wakatazama chini. Mmoja akasema tumalize msiba kwanza, maneno yatafuata. Msiba ukaisha, na hayo maneno bado nayangoja. Nilichosikia ni kwamba sokoni Kyuso watu wanaonyana wasimwite Mama Mchwa, anaua wazee. Nimekasirika, na sioni haya kusema hivyo. Nimekasirikia uongo wake, na nimekasirika zaidi kwamba yule mama alikufa akiamini ni mimi niliyemdanganya, au labda hakuwa na nafasi ya kuamini chochote. Sitajua kamwe.

Lakini nirudi nyuma kidogo: siku moja kabla ya mazishi Musyoki alinipigia. Nilidhani sasa atasema.

"Madam, najua tumekosana," akaanza. Sauti ilikuwa imemkauka. "Lakini wewe unajua hii mchanga ya kwetu. Tunamzika hapa nyumbani. Nimenunua sanduku mzuri, ya mvule. Sitaki wadudu wamguse mama. Kuja na pampu, tafadhali. Upige kaburi."

Siku ya mazishi nilikwenda, bila pampu. Kaburi lilikuwa limechimbwa upande wa jikoni, karibu na kichuguu. Nilisimama ukingoni nikatazama udongo uliotolewa. Hakukuwa na mchwa hata mmoja. Kichuguu chenyewe kilikuwa kimetulia, tundu zake ziko wazi, na buibui alikuwa ameanza kutanda kwenye moja. Ndani ya nyumba walikuwa wakiimba wimbo wa kanisa. Mueni alitoka jikoni akanipa bakuli lililofunikwa kwa sahani, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuweza kulitupa, ni langu. Nikalipokea.

Musyoki akaja akiwa amevaa suti nyeusi, akatazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu. "Pampu iko wapi?"

Nilifunua bakuli, nikawamwaga kumbikumbi wote kaburini mbele ya macho yake, nikamrudishia bakuli tupu.

"Mchwa wa boma hili umeshawamaliza, Musyoki," nikamwambia. "Na mama, dawa umeshampa."